Niletee Maji

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna busu lililoingia kwenye kumbi za sinema za mji ule bila kupimwa kwanza kwa saa ya mkononi ya Mzee Kumi na Nane. Jina hilo alibandikwa na wenye kumbi, maana filamu ikishapita mezani kwake, lazima ifunguke kwa maandishi meupe: *Hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka kumi na minane*, na chini yake sahihi iliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Wenzake wa ofisi ya ukaguzi wa filamu walihangaika na damu na matusi. Yeye aliandika kwenye fomu, "Dakika ya 41, busu, sekunde sita," kisha akafuta miwani.

Nyumbani hakuwa na fomu, alikuwa na kikohozi. Watu wawili wakianza kusogeleana kwenye runinga, anakohoa mara mbili na kumwambia bintiye, "Hebu niletee maji." Mtoto huyo akaenda. Utoto wake wote alichota maji ya kutosha kuogesha ng'ombe, na baba mtu hakuwa na kiu hata siku moja.

Sasa binti huyo, mtu mzima wa miaka thelathini na moja, akatengeneza filamu yake ya kwanza, ya dakika ishirini. Hakupata pa kuionyesha ila bwalo la shule aliyosoma, Jumamosi, tena kwa sharti: filamu isiyopata kibali cha "Kwa Wote" haiingii. Ofisini, mpimaji wa pili alikuwa likizo na wa tatu amestaafu.

"Mzee, hii ya mwanao, tuisubirishe?" karani aliuliza.

"Sheria haina mwana," akajibu kwa maringo. "Weka."

Ikaanza. Sebule. Runinga, na ndani yake watu wawili wakisogeleana. Mzee mmoja wa miwani akakohoa mara mbili. "Hebu niletee maji."

Karani akainamia makaratasi yake, mabega yakimcheza. Mzee akashika kalamu. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha "Kudhalilisha wazazi", na hicho peke yake kilitosha kuipa filamu kumi na nane. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kalamu ikakigusa.

Ndipo kamera ikamfuata mtoto aliyetumwa maji. Alijaza bilauri, akasimama nayo kwenye korido, mlango wa sebule umerudishwa, akisikia watu wa kwenye runinga wakicheka ndani. Alikuwa anangoja kuitwa. Sekunde sita. Kumi. Arobaini. Mzee alikuwa amebonyeza saa yake kwa mazoea tu. Mwisho mtoto akachungulia, akakuta runinga imezimwa na baba amesinzia, akayanywa yale maji mwenyewe.

"Mbona hakurudi tu?" Mzee aliuliza.

"Angerudi vipi, Mzee, na hakuna aliyemwambia busu limekwisha?"

Jibu hilo lilimuuma, tena sana. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza mtoto alikuwa wapi na maji yake. Kile kisanduku akakiacha kitupu, na mahali pa tangazo la kufungulia filamu akaandika mstari mmoja ambao karani aliusoma mara tatu.

"Mzee, umepindua. Ni mtoto ndiye asiyetakiwa kutazama bila mzazi."

"Piga chapa kama ilivyo."

Jumamosi bwalo lilijaa. Taa zikazimwa, maandishi meupe yakatokea: *Kwa wote. Mzazi asitazame bila mtoto wake.* Watu wakacheka, wakidhani mpiga chapa alisinzia kazini. Mzee alikaa mstari wa mbele, bintiye ubavuni. Ikaja sebule, wakaja wale wawili wa kwenye runinga, na kabla mzee wa filamu hajakohoa, huyu wa bwaloni akakohoa mara mbili.

Binti alikwisha kusimama. Hata hakufikiri.

"Nikuletee maji, baba?"

Safari hii kiu alikuwa nayo kweli. Akamshika mkono.

"Kaa, mama. Tutazame."