Nilimficha Yona Simu ya Mama Yake

Mwenzenu nimekosa, na kosa lenyewe si la kumsingizia shetani. Nilifanya mchana kweupe, akili zangu timamu, nimeshakunywa chai na mkate. Simu ya mtu ilikuja mikononi mwangu nikaibana. Nasema leo kwa sababu kuna mtu anasemwa vibaya kwa ajili yangu, na nimechoka kumwangalia akisemwa.

Mimi ni mwimbaji wa nyimbo za kwetu Dodoma, za Kigogo. Msicheke, hapa London kazi inayonilisha ni kuogesha wazee majumbani mwao, muziki ni wa wikiendi. Miaka mingi nimeimba kwenye harusi na ubatizo wa watoto wa watu, narudi na pilau la kufungiwa, huku naota siku moja nitoe albamu yangu. Mwaka jana majani yalipoanza kuanguka nikasema potelea mbali. Nikachukua likizo yangu yote nikaingia studio.

Mpiga zeze wangu nimwite Yona, ingawa si jina lake. Kijana wa nyumbani, anafanya kazi ghalani usiku, mpole mpaka anakera. Kwa zeze hapa mjini hana mpinzani. Mama yake alikuwa Dodoma, na ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu! Tukifanya mazoezi tunamrekodia, naye anarudisha ujumbe wa sauti: "We binti, hapo mbona unaimba kama unakimbizwa na mbwa? Tulia." Alikuwa ananiita mkwe kwa utani, nami namwitikia, "Abee mama mkwe."

Studio ilikuwa mtaa wa Barking hapa hapa London, nyuma ya gereji. Fundi wa mitambo alikuwa Mzungu mmoja, mtu safi ila mkali kwa habari ya simu. Zote zizimwe, ziingie kwenye kikapu mlangoni. Yangu tu ndiyo iliruhusiwa, kwa sababu maneno ya nyimbo nilikuwa nimeyaandika humo.

Zeze lilitutesa, aisee! Nje baridi na unyevu, ndani hita inakausha. Ukikaza nyuzi, muda si muda zimelegea. Wiki nzima tunaimba, tunasimama, tunakaza. Ikafika siku ya mwisho na wimbo mmoja umebaki, ule ambao zeze linaanza peke yake, tena kwa kirefu. Kesho yake studio ina watu wengine, Yona anarudi ghalani, mimi narudi kwa wazee wangu. Tukitoka bila wimbo ule, albamu haipo.

Asubuhi ile zeze likakubali. Yona akapiga kidogo tu kujaribu, fundi akanyanyua kidole gumba nyuma ya kioo. Ndipo simu yangu ikatetemeka.

Alikuwa Neema, mdogo wake Yona, kutoka nyumbani. Nikatoka kwenye korido.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Neema."

"Dada, Yona hapatikani. Mama anaumwa kidogo."

Ndugu zangu mnaoishi huku, mnaijua hiyo "anaumwa kidogo". Hakuna asiyeijua! Nyumbani hawakwambii mtu amezidiwa. Wanakwambia anaumwa kidogo, halafu wewe mwenyewe unatafuta pa kukaa. Baba yangu naye alikuwa "anaumwa kidogo" siku nilipopigiwa nikiwa kwenye basi, na nilishuka nikakaa chini kwenye lami, watu wananiruka. Kwa hiyo nilielewa. Sitaki kuwadanganya hapa, nilielewa vizuri sana.

"Anamtaka Yona," Neema akasema. "Hataki uji, hataki dawa. Mpe simu amsikie sauti tu."

"Yuko ndani anarekodi, mdogo wangu. Akitoka tu nampa."

Neema akasisitiza. "Dada, mpe sasa."

"Sawa."

Nikakata. Nikabaki nimesimama, naangalia mlango. Nilijua nikimpa ile simu, zeze halipigwi tena siku ile. Nikajiambia, wimbo mmoja tu halafu nampa. Wimbo mmoja utamuua nani? Nilisema hivyo moyoni, kwa maneno hayo hayo. Mungu anisamehe!

Nikaingia. Yona akauliza, "Nani huyo, dada?"

"Wa kazini. Wanataka niingie shifti."

"Hawa watu hawana huruma kabisa," akasema, akanicheka, akaweka upinde kwenye nyuzi.

Tukaanza. Mara ya kwanza sauti yangu ilitetemeka, fundi akasema turudie. Mara ya pili nikasahau maneno. Nikaangalia kwenye simu, na juu ya maneno ya wimbo likatokea jina la Neema. Nikalisukuma kwa kidole. Likaja tena. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikawaambia maneno nimeshayashika.

Yona akataka kuinuka. "Dada, ngoja nivute hewa, nichungulie na simu yangu."

Jamani! Hapo Mungu alikuwa ananifungulia mlango. Nikaufunga.

"Ukifungua huo mlango baridi itaingia, zeze litalegea. Kaa, Yona. Tumalize."

Akanitazama, akakaa. Mimi kwake ni dada mkubwa, hajawahi kunibishia.

Wimbo tukaupata. Sijui tuliurudia mara ngapi, ila safari ya mwisho hata fundi hakusema neno mpaka sauti ilipokwisha kabisa. Dirishani giza lilikuwa limeshaingia, si mnajua wakirudisha saa nyuma jioni inavyowahi. Yona amelowa jasho, meno yote nje.

"Huu namtumia mama sasa hivi," akasema. "Leo hana la kukosoa!"

Nikasema, "Yona, mpigie kwanza. Neema alipiga."

"Saa ngapi?"

Aliuliza ameshafika kwenye kikapu, anawasha simu yake. Nilimsikia akisema haloo, haloo Neema. Halafu nikamsikia Neema mwenyewe, kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Alikuwa analia kile kilio ambacho mtu haulizi tena kuna nini.

Yona hakuanguka. Alisikiliza muda mrefu. Bila shaka Neema alikuwa anamweleza nilivyomwahidi, kwa sababu Yona aligeuka akanitazama, simu bado iko sikioni.

"Wa kazini," akasema. "Wanataka uingie shifti."

Ni hayo tu. Hakunitukana. Afadhali angenizaba kofi! Alilifunga zeze kwenye blanketi lake, akaondoka, koti akaliacha kwenye kiti.

Kwenye ile simu niliyoigeuza kifudifudi kulikuwa na ujumbe wa sauti. Neema alimrekodi mama alipoona simu hazipokelewi. "Yona. Yona mwanangu, uko wapi? Mbona hushiki?" Halafu anasikika Neema akimwambia, yuko kazini mama, anapiga sasa hivi. Basi. Ujumbe ule uliingia wakati Yona amekaa mbele yangu ananiomba kutoka kidogo. Nilimtumia. Alama zikageuka bluu. Ameusikiliza.

Mnajua tunavyoweka msiba hapa. Mtu amefia nyumbani, lakini sisi tunakusanyika kwa mfiwa. Nikaenda na sufuria langu, roho mkononi, nikijua nitafukuzwa mlangoni. Yona mwenyewe akanifungulia. "Karibu dada, pita jikoni." Nikapita, nikakaa na akina mama kumenya viazi, nasubiri kuumbuliwa.

Mama mmoja, nimwite Mama Happy, alikuwa anakaanga vitunguu. Akasema, "Mama anakata roho anamwita, mtoto kazima simu anapiga zeze. Muziki gani huo?"

Mwenzake akaitikia, "Laana hiyo. Ataibeba mpaka anazeeka."

Ndipo nikaelewa. Yona hakuwaambia. Alichowaambia ni kwamba simu yake ilikuwa imezimwa, akaishia hapo. Alinisitiri, mimi! Na mimi, kisu mkononi, nilisema nini?

Nilisema, "Viazi hivi vinatosha?"

Tangu siku ile jina lake limekuwa hilo, kijana aliyeacha mama yake akafa anamwita. Harusini hawamwiti tena. Ibadani wanampa mkono halafu wananong'ona. Yeye kimya. Mimi nawasikia, nami kimya, nakula chapati zao.

Sasa majani yanaanguka tena. Fundi ananiandikia kila mara, albamu iko tayari, nichague jina. Anasema wimbo ule ndio bora kuliko zote. Nilimuuliza Yona kama niuondoe, akanijibu kwa ujumbe, "Fanya upendavyo dada." Bado ananiita dada! Siwezi kuusikiliza. Zeze likianza tu nazima, maana namsikia mama anauliza mbona hushiki.

Ninyi mlio mbali na nyumbani, nisikilizeni. Ukiambiwa mtu anaumwa kidogo, acha ulichoshika, hata kama umekisubiri maisha yako yote. Na kama simu si yako, usipime wewe. Mpe mwenyewe. Wimbo unarudiwa, hata ukiharibika mara mia unarudiwa.

Na ninyi mliokuwepo kwenye msiba ule wa mama yake Yona, kwa haya niliyoandika mtanijua, na mnijue. Mama Happy, nilikuwa nimekaa kushoto kwako, namenya viazi. Yona aliomba kutoka akaangalie simu yake. Mimi ndiye niliyemwambia akae.