Mifuko ya Hewa ya Mbotela

Grafu ilitoka tambarare, na Muthoki hakuiamini. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiendesha kromatografia ya gesi katika maabara moja ya Eneo la Viwanda, mashine inayochambua hewa na kufichua hata kemikali iliyomo kwa kiasi kidogo mno. Kila kemikali huchora kilele chake kwenye skrini. Hewa iliyotoka mtaa wa Mbotela haikuchora chochote.

Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba karakana ya samani nyuma ya nyumba zao inawajazia harufu ya thina ya kuyeyushia rangi, na watoto wanaumwa vichwa. Makokha, mwenzake kazini, ndiye aliyekwenda kuchukua sampuli za hewa kwa mifuko ya plastiki ya maabara.

"Harufu uliisikia?" Muthoki akamuuliza.

"Niliisikia. Hata macho yaliniwasha."

"Basi hii ni nini?"

Makokha akaitazama skrini. "Sijui, dada."

Muthoki alikumbuka kwamba siku ile Makokha alichelewa kurudi. Alikumbuka pia kwamba mwenye karakana ni mtu wa Bungoma, kama Makokha. Akapanda ngazi hadi kwa meneja, Bwana Kyule, akamwambia huenda mifuko ile ilijazwa hewa ya kwingine. Kesho yake Makokha akaondolewa kazi za nje.

Jumamosi Muthoki akaenda Mbotela mwenyewe. Mama Nangila, aliyeandika barua ya malalamiko, akampeleka hadi ukutani mwa karakana. Harufu ilimkaba koo. Akajaza hewa mifuko miwili kama ile ya Makokha na mtungi mmoja wa chuma.

Jumatatu akapima. Mtungi ulitoa kilele kirefu cha tolueni, kemikali ya kwenye thina. Mifuko haikutoa kitu. Akaizamisha kwenye beseni la maji, akaibinya, viputo vikatoka kwenye vali. Mifuko ya maabara ilikuwa imechakaa, na kuikagua ilikuwa kazi yake yeye Muthoki.

Akamkuta Makokha akiosha chupa.

"Nilikushuku bure. Nimeshamweleza meneja."

"Hata ulivyomweleza mwanzo nilisikia," Makokha akasema, akaendelea kuosha.

Karakana iliamriwa kuweka vichujio. Makokha alirudishwa kazi za nje, lakini tangu hapo, kila akichukua sampuli, humwomba mtu wa pale aandike saa na kutia sahihi kwenye karatasi, na akirudi humwonyesha Muthoki karatasi hiyo kabla hajaulizwa. Muthoki huisoma yote. Hajawahi kumwambia aache.