Siku Lori la Baba Lilipopimwa Moshi

Kwetu moshi mweusi ulikuwa sifa. Lori la baba likipanda na pamba kuingia Bariadi, kina mama walikuwa wanakimbilia kamba za nguo bila kuambiwa na mtu, na baba yuko kwenye usukani anatabasamu kama bwana harusi. "Linavuta hilo," anasema. Kwa wenye malori ya pamba huku Simiyu, lori lisilotoa moshi ni lori lenye homa, unaliambia pole.

Na ule moshi haukuja wenyewe, ulitengenezwa. Barabara za kwenda vijijini kufuata pamba zina tope la mbuga wakati wa mvua na mchanga wa mito wakati wa kiangazi. Kwa hiyo wenye malori karibu wote humwita fundi "afungue pampu", yaani alegeze skrubu fulani ili injini inywe dizeli nyingi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Lori linapata nguvu za wazimu. Dizeli isiyoungua inatoka nyuma, nyeusi tii, mnaivuta nyie mnaofuata na baiskeli. Poleni sana, ila pamba ilikuwa inafika.

Halafu siku moja, kwenye lile kundi la simu la wenye malori, ikaingia sauti ya mzee mmoja ambaye kawaida hutuma salamu za Jumapili tu. "Ndugu zangu, kimenuka." Kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho malori yote ya hapa yanashusha, kilikuwa kimetangaza kwamba msimu huu geti halifunguliwi kwa lori lisilo na stika ya kupimwa moshi. Sheria imekazwa. Mashine ya kupimia ingekuja Alhamisi, ikae siku hiyo moja kwenye uwanja wa kiwanda ulio nje ya geti, kisha iende wilaya nyingine.

"Kwani lori lina mimba hadi lipimwe?" niliuliza.

Mama alicheka. Baba hakucheka, na baba ndiye mteja wangu mkubwa wa vichekesho pale nyumbani. Hapo nikajua mambo si mambo.

Ukweli ni kwamba lori lile ndilo zizi letu. Babu alipofariki, baba aliuza ng'ombe wote walioachwa, ukoo mzima ukamnunia, akanunua lori kuukuu. Kila msimu wa pamba ndio unaotulisha mwaka mzima. Bila geti la kiwanda halina kazi, na lori lisilo na kazi linauzwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshasikia tangazo. Alikuja nyumbani Jumatatu, akawa analigongagonga bodi kama anachagua tikiti maji. Baba alimkaribisha chai, ila alimpa kile kikombe chenye ufa.

Jumanne fundi akaja kufunga pampu. "Mzee, nikiifunga moshi utapungua, lakini na nguvu inashuka," alisema.

"Shusha."

"Mlima utakusumbua."

"Nimesema shusha!"

Kwa nini basi siku ya kupimwa tulienda na mzigo? Kwa sababu baba alipiga hesabu zake: anapakia pamba kijijini Zagayu Jumatano, Alhamisi anapimwa palepale kiwandani, anapata stika, anashusha, safari moja imemaliza yote. Niliona ni akili nyingi sana. Nilikuwa likizo, na mimi ndiye mshindiliaji. Pamba ikimwagwa kwenye bodi, lazima mtu aruke juu yake aikandamize ili iingie nyingi. Binti wa kidato cha tatu, nimefeli hesabu lakini kushindilia nina daraja la kwanza. Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye utingo, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu abatizwe.

Alhamisi asubuhi tukaondoka Zagayu lori limejaa hadi linapepesuka. Tulifika kwenye kamto kakavu kanakokata barabara, tukashuka mchangani vizuri, tukaanza kupanda ukingo wa pili. Katikati ya kupanda injini ikaguna. Ikaguna tena. Lori likarudi nyuma taratibu hadi mchangani, likasimama.

Baba akajaribu tena. Magurudumu yakachimba. Hakuna moshi hata wa kuchomea nyama.

"Limekuwa la kistaarabu," nikasema.

Baba mdogo akashuka na spana mkononi. "Kaka, fungua pampu. Kidogo tu. Tukishapanda tunaifunga."

"Unajua fundi aliiacha wapi?"

"Tutakisia."

"Nikikisia, nikafika pale nikatoa moshi?"

"Na tusipofika kabisa?"

Baba aliitazama ile spana. Jua nalo lilikuwa limeshaanza kuuma, na mashine haikuwa imekuja kutusubiri sisi. Mwishowe akasema, "Shusheni pamba."

Yaani pamba yote niliyoikanyaga jana yake hadi nyayo zikawaka, tuishushe, tuipandishe ukingoni kwa mikono, lori lipande tupu, halafu tuipakie upya. Tukatandika maturubai, tukaanza. Injini ikaachwa inaunguruma, maana stata yetu ilikuwa mgonjwa. Lori likizimika linawashwa kwa kusukumwa, na mchangani nani asukume? Pamba ikawa inarushwa kutoka juu, nyuzi zinapeperuka kila mahali, kwenye nywele, kwenye nyusi, mdomoni. Baba mdogo alifanana na kondoo aliyefiwa.

Kulikuwa na kina mama wanachota maji kwenye shimo walilochimba mchangani. Wakaacha ndoo zao wakaja.

"Mwangaluka, baba," mmoja akamsalimia baba kwa Kisukuma. "Lori lako linaumwa?"

"Linapewa adabu, mayu," baba akajibu; mayu kwetu ni mama, hata binti huitwa hivyo kwa upendo.

"Adabu ya nini?"

"Ya kuvuta sigara," nikadakia. Wakacheka, wakafunga khanga viunoni, wakaanza kubeba nasi. Bila wale mama tungelala pale. Lori tupu lilipanda likihema, tukapakia, nikashindilia upya. Baba akashika njia ya Bariadi. Alikuwa anaangalia jua, barabara, jua.

Uwanja wa kiwanda ulijaa malori. Upande mmoja yalikuwa mapya meupe ya kampuni moja ya usafirishaji. Yalikuwa yanapimwa moja baada ya jingine kama watoto wa chekechea wanaopewa dawa ya minyoo. Hayatoi kitu. Unaangalia bomba unadhani gari limezimwa. Upande wa pili tulikuwa sisi wa lori moja moja, kila mmoja na mganga wake. Mzee yule wa salamu za Jumapili alikuwa amechanganya dizeli na mafuta ya kula ya mbegu za pamba, ameambiwa hulainisha moshi. Alipokanyaga, uwanja mzima ulinukia maandazi. Watu wakauliza chai iko wapi. Lakini mashine haina njaa, ikamkataa. Aliondoka bila kumuaga mtu, na kicheko kikaisha ghafla, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajiona kwenye kile kiti.

Mpimaji alikuwa dada mmoja, ukimsikiliza Kiswahili unajua ametokea pwani, mpole hadi unaogopa. Aliingiza mrija kwenye bomba letu la moshi. "Haya, mzee wangu, kanyaga mpaka mwisho, kisha uachie."

Baba akakanyaga.

Wingu. Jeusi, nene, kama vile pampu haijaguswa na fundi. Liliwafunika watu, likapanda juu ya paa la kiwanda.

Dada akatazama kioo cha mashine, akatazama tena. "Imezidi, mzee wangu. Imezidi sana. Samahani."

"Pampu imefungwa, binti yangu. Muulize fundi."

"Mimi nasoma kilichotoka tu, baba."

"Nipime tena."

"Foleni ikiisha na muda ukiwa umebaki, nitakupima mara moja tena. Siwezi kukuahidi."

Baba akaliegesha kando, akalizima, akashuka, akakaa kwenye kivuli cha gurudumu. Sijawahi kumwona baba amekaa chini mchana. Baba mdogo alikuwa anazunguka na ile spana kama mtu aliyepoteza mlango. Na kule getini, naapa, yule mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amefika, ameegemea pikipiki, anatafuna muwa.

Mimi nikiogopa, mdomo hufunguka wenyewe. Nikatafuta kitu cha kusema. Nyuma ya kabini kuna bomba la kuvutia hewa ya injini, limesimama na kofia yake. Chini ya ile kofia kulikuwa na manyoya meupe yananing'inia.

"Baba," nikasema, "lori lako limezeeka. Angalia, limeota mvi puani."

"Nyamaza, mayu. Leo nyamaza."

Kisha nikamwona anainua kichwa polepole, anaangalia ile pua. Akasimama kwa haraka hadi akajigonga kwenye bodi.

"Chujio!" akamwambia baba mdogo. "Fungua chujio la hewa!"

Walipolifungua, sikuamini. Mle ndani hamkuwa na chujio, mlikuwa na mto wa kulalia. Kule mtoni tulipokuwa tunarusha pamba, injini ilikuwa inaunguruma na kuzivuta zile nyuzi zote, saa nzima, ikijikaba koo yenyewe. Injini ikikosa hewa dizeli haiungui, ndipo lile wingu. Miaka yote hiyo ya pamba, na hakuna kati yetu aliyefikiria kuziba ile pua kwa kitambaa, au kulizima tu tukasukumane baadaye.

"Nilikwambia tufungue pampu," baba mdogo akasema.

"Wewe shika upande huo, pigapiga."

Tukaligongesha chujio kwenye tairi. Pamba ikatoka na vumbi, baba akawa anachokoa kwa kijiti, mimi kwa kucha. Foleni ilikuwa inapungua. Lori moja likaitwa. Jingine. Msaidizi wa yule dada akaanza kukunja nyaya za upande wa pili.

"Wanafunga!" nikapiga kelele.

"Kamzuie!" baba akasema. "Mchekeshe, mwimbie, fanya unachojua!"

Nikakimbia. Nilifika mbele ya dada na nyusi zangu nyeupe za pamba, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na kichekesho. Nikasema tu, "Dada, shikamoo. Lilikuwa limemeza pamba. Tafadhali."

Akanitazama juu hadi chini. "Limemeza pamba?"

"Ndiyo. Njoo uone."

Alikuja. Aliona lile rundo chini ya tairi, akatikisa kichwa, midomo ikamcheza kidogo. "Lirudisheni. Upesi."

Lori likasukumwa na kila aliyekuwepo, likawaka. Mrija ukaingizwa. "Kanyaga, mzee wangu."

Baba akakanyaga. Ulitoka moshi, siwezi kudanganya, wa kijivu, mwembamba. Dada akamwambia arudie. Akarudia. Mashine ikakaa kimya kama mwalimu anayesahihisha mtihani mbele yako. Baba mdogo aliikumbatia ile spana kama mtoto mchanga.

"Imepita," dada akasema. "Kwa kidogo sana."

Baba alifunika uso kwa mikono yote miwili. Sisi wengine tulipiga vigelegele, na mwenye pikipiki pale getini akatema ganda la muwa akawasha.

Lakini dada hakuwa amemaliza. Alipanda kwenye bampa, akachukua kikopo, akaipaka rangi nyekundu skrubu ya pampu. "Hii ikiguswa, rangi inapasuka," alisema. "Getini wataiangalia kila mkija, baba. Ikipasuka, stika inabanduliwa."

Baba akaitazama ile rangi. "Na ule mto wa Zagayu nitaupandaje?"

"Hilo mashine yangu haipimi, mzee wangu," akajibu, na nadhani alisikitika kweli.

Tukashusha, na Ijumaa alfajiri tulikuwa Zagayu tena. Baba akamwambia karani wa ghala la pamba kwamba sasa atakuwa anabeba nusu.

"Nusu?" karani akasema. "Mzee, wewe si ndiye ulikuwa unabeba hadi mnavunja matawi ya miti?"

"Nusu. Nitarudi kuchukua iliyobaki."

"Lini? Kampuni wameniletea lori lao, linabeba yote mara moja, na halitoi hata jasho."

"Leo hiihii."

Karani akaangalia jua. "Haya. Jua likizama hujafika, nawapa wao."

Sikumbuki siku ambayo baba aliendesha vile. Kamto tulikapanda kwa gia ya kwanza, polepole, mimi nimeshika mlango kama vile kushika kwangu kunasaidia. Kiwandani walikagua rangi, tukashusha mbio, tukageuza.

Tulifika Zagayu jua limegusa miti. Karani alikuwa amekaa juu ya ile nusu yetu, anakula muhogo wa kuchoma. Pembeni yake lori jeupe la kampuni lilikuwa limeegeshwa, dereva amelala, miguu nje ya dirisha.

"Nilimwambia asubiri," karani akasema, akashuka. "Lakini mzee, kesho sitamwambia."

Baba alimshukuru kwa mikono miwili, kisha akaenda kufungua mlango wa bodi.