Shahidi Asiyempenda

Hasira za Funguo zilianzia kazini na kufika nyumbani zikitokota. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa masijala ya siri, chumba chenye mlango wa chuma ambamo serikali hufungia majalada isiyotaka yaonwe na kila mwenye macho. Kila baada ya muda wapekuzi humchunguza upya kama bado anaaminika. Safari hii walimuuliza kuhusu pombe, naye hakuuma maneno. Alisema alikuwa mlevi, mlevi wa kuokotwa, kisha akatibiwa, akaacha, na tangu hapo hajaonja.

Basi mpekuzi mmoja akaenda mtaani kuulizia, na mtaa ukampenda Funguo siku hiyo kupita kiasi. Mwenye duka la jirani, yuleyule aliyekuwa akimpitishia chupa mlango wa nyuma, aliapa kwamba mama huyu tangu azaliwe ni mtu wa chai tu. Mumewe, fundi redio, akasema kwa uso mkavu kwamba mkewe hajui hata harufu ya pombe. Wapumbavu hawa walidhani wanamwokoa.

Asubuhi hii mpekuzi alimweleza kwa upole kwamba ulevi uliotibiwa na kuachwa, peke yake, haumnyang'anyi mtu kazi.

"Lakini watu wako wanakuficha," alisema. "Ukirudia, nani atatuambia? Kesho niletee mtu mmoja wa kuaminika. Ukimkosa, utakabidhi ufunguo."

Sasa Funguo alisimama mbele ya mumewe, mkoba bado begani, akimtaka aende akaseme kweli. Mume akaendelea kukaza skrubu za redio ambayo haikuwa na tatizo lolote. Akasema mambo ya ndani hayatolewi nje, ni aibu, watu watasemaje.

"Nilipolala mtaroni ulinipita kama hunijui," Funguo alisema. "Leo nimeacha, bado unanionea aibu?"

Mume akahamia skrubu nyingine. Funguo alitamani kuitupa ile redio dirishani, na mume aifuate.

"Nitakwenda mimi," ilisema sauti kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa mama mkwe, ambaye hakuwahi kumpenda tangu siku ya harusi, wala hakuwahi kulificha hilo. "Na nitasema yote."

"Yote, mama," Funguo alisema.

Kesho yake Funguo aliuweka ufunguo mezani kwa mpekuzi, na bibi huyo akamwanika mkwewe bila huruma. Alisimulia mtaro, matusi, matapishi kwenye zulia la wageni, na mtoto aliyesahauliwa shuleni mpaka giza likaingia. Funguo alikaa pembeni yake masikio yakimwaka moto, akimchukia kwa kila neno, na kila neno lilikuwa kweli. Mpekuzi akauliza, na sasa je?

"Sasa hanywi," mama mkwe alisema, kama mtu aliyedhulumiwa. "Kila jioni namnusa. Siku nikiipata ile harufu, mwanangu, utanisikia mlangoni kwako kabla mwanangu wa kumzaa hajajua."

Mpekuzi akausukuma ufunguo juu ya meza, ukarudi kwa mwenyewe.

Jioni mume aliuliza kwa wasiwasi mama yake amesema nini huko. Funguo hakumtazama. Mama mkwe alikuwa akimsogelea kama kawaida yake, pua mbele, na kwa mara ya kwanza Funguo aliinama ili amfikie vizuri.