Kipengele Namba Kumi na Nne

Baba yangu amesajiliwa na halmashauri kama sehemu ya nyumba. Sisemi kwa mafumbo. Yumo daftarini, kati ya taa ya ukutani, ambayo ni kipengele namba kumi na tatu, na bomba la maji ya mvua, ambalo ni namba kumi na tano.

Na kichekesho chenyewe ni kwamba baba hakuwa mtu wa kukaa. Alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na mmoja, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na hata alipostaafu miguu haikupata habari. Mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia. Chai aliinywa mlangoni. Kwenye misiba alipanga viti vya watu wote na chake hakikumwona. Marehemu mama alikuwa akisema aliolewa na mgongo, maana ndio alioutazama zaidi.

Siku ya picha alikuwa anatoka, kama kawaida yake, kokoto likamwingia kiatuni. Akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, akavua kiatu cha kushoto, akakikung'uta. Ng'ambo ya barabara, mpiga picha wa halmashauri akabonyeza. Labda ni sekunde kumi tu alizokaa mwaka ule, na serikali ikazidaka zote.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Mtaa wetu umekuwa mtaa wa kihistoria, na kwa mujibu wa sheria ndogo ya kuhifadhi majengo ya kale, mwonekano wa mbele wa kila nyumba utabaki kama ulivyo kwenye picha ya usajili. Aliyeandika orodha alikuwa mtu wa kazi, hakuacha kitu. Mlango wa mbao, bawaba nne, nyufa mbili juu ya dirisha. Kisha: "14. Mzee mmoja, ameketi ngazini, kiatu cha kushoto mkononi." Mimi nina duka la fotokopi hapo chini ya nyumba. Nimeona karatasi za kila namna, lakini inayomhesabu baba yangu pamoja na bawaba sikuwahi kuiona. Chini kabisa waliandika kwamba kipengele chochote kikikosekana siku yoyote, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, wakaaji watapewa siku thelathini wahame, ili nyumba itunzwe vizuri.

"Kwani wanataka nini?" baba aliniuliza.

"Wanataka ukae."

"Mpaka lini?"

"Haijaandikwa."

Aliitazama nyumba kutoka juu mpaka chini. Mimi, mume wangu na watoto wetu watatu tunaishi humo humo, na hatuna kwingine. "Nyumba hii niliinunua kwa nyayo," alisema. Akaketi.

Wiki ya kwanza nilidhani atapasuka. Mguu uliovaa kiatu ulipiga ardhi kutwa nzima. Alisoma mita ya jirani kutoka alipokaa, kwa kukodoa macho, na kumpigia kelele kwamba choo chake kinapoteza maji. Wiki ya pili akawa anawajua paka wote wa mtaa. Kufikia mwezi wa nne nilimkuta ametulia tuli, anatazama kivuli cha nguzo kikihama, na moyo uliniuma kuliko siku zile alizokuwa akipiga mguu.

Kila Jumanne alikuja Mkaguzi, kijana mwembamba mwenye miwani, na picha mkononi. Nilitaka kumchukia ila alinikosesha nafasi, maana hakumkagua baba kabla ya kumsalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kagua."

"Samahani, geuka kidogo kulia. Hapo hapo." Kisha akaandika. "Ndevu zimepunguzwa bila kibali."

"Ndevu ni zake," nilimwambia.

"Ni zake, dada. Mwonekano ndio wa umma."

Shati la mistari lilipochanika kiwiko, tuliagizwa tulishone kwa kitambaa cha aina ileile. Mhadhiri mmoja alileta wanafunzi, akawaeleza kwamba mguu mtupu ni ishara ya unyenyekevu wa binadamu mbele ya jengo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza baba mwenyewe maana yake. "Kokoto," baba alimjibu. Waliandika wote.

Mwaka ulipita hivyo. Kisha ikaja simu ya shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Mama yao alifariki baba akiwa na miaka mitatu, na huyo dada, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akampeleka shule akiwa yeye mwenyewe hajaiona. Anaishi mji ulio mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Baba alimtembelea kila mwaka kwa mtindo wake: alifika, alimtengenezea bomba, alikunywa maji amesimama, akaondoka. Sasa sauti yake kwenye simu ilikuwa nyembamba. Daktari ameshamwambia arudi nyumbani akapumzike, na sote tulielewa maana ya mapumziko hayo.

"Mwambie mdogo wangu wa mgongoni aje," aliniambia. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote. "Na safari hii asije kusimama."

Baba alichukua simu pale pale ngazini. "Dada, siwezi kuja," alisema. "Nimesajiliwa." Alieleza, akaeleza tena. Alipomaliza alinirudishia simu bila kuniangalia.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda halmashauri. Karani wa majengo ya kale alikuwa mama mpole mwenye muhuri mkubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa fomu ya kuondoa kipengele kwa muda.

"Kinaondoka kwa sababu gani?"

"Dada yake anaumwa. Yuko mahututi."

Alipitisha kidole kwenye fomu. "Hapa kuna kuungua, kuoza, kubomoka na mchwa. Tuweke lipi?"

"Weka lolote."

"Tutaweka kuoza. Kimebeba uzito?"

"Kimebeba ukoo mzima."

Aliandika ndiyo. Kisha akaweka kalamu chini kwa masikitiko ya kweli. "Basi hakitoki bila mhandisi. Na kamati imekaa wiki iliyopita tu. Itakaa tena baada ya miezi mitatu."

Wanasema sheria ni msumeno. Hiyo yetu ilikuwa sindano: ndogo, na huioni mpaka umeikalia. Nilisema maneno ambayo mama yangu, angekuwa hai, angenifinya. Karani alisubiri niishiwe pumzi, akanipa kitabu cha sheria ndogo nikakisome kwenye benchi la nje. Nilikisoma chote. Kifungu cha thelathini na mbili kilisema ubao uliooza unaweza kubadilishwa bila kibali, mradi ubao mpya utoke kwenye mti uleule.

Nilirudi dirishani. "Mama, mimi ni mtoto wake wa kumzaa."

Alinitazama juu, akanitazama chini, akafungua ukurasa. "Mti uleule," alisoma. "Kimo kisizidi. Na usipakwe rangi."

Nikafuta rangi ya mdomo palepale.

Baba aliondoka alfajiri ya Ijumaa. Alisafiri na ndala, maana viatu navyo vimesajiliwa. Mume wangu alishika duka. Ngazini asingefaa, yeye si wa mti huu. Mimi nikavaa shati la mistari, nikavua kiatu cha kushoto, nikaketi. Jiwe la ngazi ile ni baridi asubuhi na moto mchana, na mgongo hauna pa kuegemea. Saa tano haijafika nilikuwa nimeshaona aibu kwa kila siku niliyompitia baba pale na kumwuliza kama anataka chai.

Kila jioni alinipigia. Alimkuta shangazi kitandani, akavuta kiti, akaketi. Siku ya kwanza akakaa, ya pili akakaa. Siku ya tatu shangazi alimtazama kwa muda mrefu, akamwuliza, "Nani amekufundisha kukaa?"

"Halmashauri," baba alijibu.

Shangazi alicheka mpaka ikabidi ainuliwe apewe maji. Kisha akasema wangeanza mapema zaidi hiyo halmashauri yao, miaka hamsini hivi, angewapikia wali. Baba alinisimulia hayo akicheka na yeye, halafu akakata simu.

Jumanne Mkaguzi akaja. Aliitazama picha, akanitazama mimi, na kwa mazoea shikamoo ikamtoka nusu.

"Kifungu cha thelathini na mbili," nikamwambia.

"Mti uleule?"

"Uleule."

Alikuwa anainua kalamu simu ilipolia mapajani mwangu. Alikuwa baba.

"Amekwenda, mwanangu," alisema. "Alikuwa amenishika mkono. Sikuinuka mpaka mwisho." Akavuta pumzi. "Tunamzika kesho saa nne. Mimi hapa sina mtu. Yeye ndiye alikuwa mtu wangu."

Simu ikakatika na mimi nikabaki nimekaa. Nikiinuka mbele ya macho ya Mkaguzi, watoto wangu hawana nyumba. Nisipoinuka, baba yangu anamtia dada yake kaburini peke yake, katikati ya wageni, amevaa ndala. Sijawahi kulichukia jiwe kama nilivyolichukia lile. Nililia kwa sauti, barabarani, kiatu mkononi.

Mkaguzi hakuondoka. Alichuchumaa akafungua kitabu chake, akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma, akakifunga.

"Hakuna kifungu," alisema.

"Cha nini?"

"Cha msiba. Nilidhani kipo."

Alisimama. Kisha akaegemea mlango, ambao hauruhusiwi kuegemewa, akavua kiatu chake cha kushoto.

"Nipe shati, dada. Basi la saa sita bado hujalikosa."

"Wewe si wa mti huu," nilimwambia. "Ukionekana utafukuzwa kazi."

"Mkaguzi wa mtaa huu ni mimi. Nani ataniona?"

"Na kesho?"

"Kesho ninaomba likizo. Saa mbili kamili nitakuwa hapa. Mwambie mzee asiharakishe kurudi."

Nilivua shati juu ya gauni langu nikampa. Lilimpwaya mabegani. Alifunga vifungo vyote, akaketi, akageuka kidogo kulia, hapo hapo. Mume wangu alikuja mbio na mkoba wangu na jozi ya viatu vyake, nimpelekee baba. Nilipofika kwenye kona niligeuka mara moja. Mkaguzi alikuwa ameweka karatasi gotini, kiatu mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, taratibu, alikuwa anajiwekea alama ya vema.