Mlango Uliotazama Mwaloni

Nyumba ile niliipigania bungeni mpaka sauti ikanikauka. Nilitaka wajawazito wa Bukima wapate pa kusubiria uchungu jirani na kituo cha afya, wasizidiwe njiani juu ya bodaboda. Wafadhili kutoka nje wakakubali. Nyumba ikajengwa, marumaru zikang'aa, nami nikajipongeza bila aibu. Miezi ikapita, asilale humo hata mjamzito mmoja.

Wafadhili waliposema wanakuja Ijumaa kuiona kabla ya kuamua kujenga nyingine Bunda, nilipanda gari kwenda kugombeza watu. Mimi hufoka kwanza, nikauliza baadaye. Kliniki nilimkuta mama mmoja, mimba imefikia mwezi wa tisa. Mtoto wake wa kwanza alimpoteza njiani.

"Na huyu unataka kumpoteza?" nilimfokea. Mpaka leo neno lile linaniumiza.

"Mheshimiwa," alisema, macho chini, "mlango wenu unaangalia mwaloni. Baba mkwe anashonaga nyavu pale kutwa. Nitapitaje mbele yake na tumbo hili?"

Nimeolewa huku huku. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizunguka shamba zima ili nisikutane na mkwe wangu. Lakini mchoro ulipoletwa ofisini kwangu Musoma, nilisifia madirisha nikasaini.

Nikateremka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha dagaa. Mkwe wake aliweka chini sindano ya nyavu, akanisikiliza.

"Kwa hiyo anayemzuia mjukuu wangu ni mimi?"

"Ni mimi, baba. Nimeweka mlango pabaya."

Alicheka mpaka akakohoa. Siku ile ile yeye na wenzake wakatoboa ukuta wa nyuma, wakatundika mlango wa mbao za mtumbwi mkuukuu, unanuka samaki. Ule wangu wa mbele, wa mninga, wakaupigilia misumari. Injinia wa halmashauri alinipigia simu analalamika. Nikamwambia lawama zote aziandike kwa jina langu.

Ijumaa wageni walikuta vitanda vimejaa. Kiongozi wao, mama wa makamo, akauliza kwa nini mlango mzuri vile umefungwa kwa misumari. Nikamweleza kosa langu lote, bila kupamba. Akacheka, akasema ya Bunda tutaanza kwa kuwauliza wanawake mlango ukae wapi. Nusura nimkumbatie.

Mara ndani akalia mtoto. Yule mama wa kliniki alikuwa amejifungua alfajiri pale kituoni, akarudishwa humu kupumzika. Mkwe wake akaja akihema mpaka kwenye mlango wa misumari, akaupa mgongo, kama heshima inavyotaka.

"Jamani, wazima?"

Nilidhani atajibu nesi. Akajibu mzazi mwenyewe, kutoka ndani: "Wazima, baba. Ni msichana. Tumempa jina la mama yako."

Mzee alisimama vile vile, mgongo mlangoni, machozi yanamtiririka mbele ya wageni.

"Karibu, mama," alisema. "Umerudi."