Meza ya Ndyamukama na Mkeka wa Adventina

"Nani ameng'oa vibao vyangu?" Ndyamukama alifoka, fimbo ya pool mkononi kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. "Nimeweka vibao chini ya miguu ya meza asubuhi, nimekwenda kunawa mikono tu, narudi vibao hakuna! Nimekuja kuwachezea mpate tanki la maji, mnanizunguka kama askari waliokamata gari la magendo. Hivi mimi nimewaibia nini?"

"Mimi ndiye niliyeng'oa," akajibu Gideon, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mtu wa suruali iliyonyooshwa na kalamu mbili mfukoni. "Kamati imekaa, imeamua. Mtu mwaminifu haweki meza yake juu ya vibao. Tunataka meza isimame kwa miguu yake yenyewe, kila mtu aone."

"Haya, wameona nini?"

Gideon alisogea mezani. Alichukua mpira mweupe, akauweka katikati ya meza, akauachia bila kuusukuma. Mpira ukatulia kidogo kama mtu anayefikiri. Kisha ukaanza kutambaa, polepole, ukaenda hadi kona ya upande wa migomba, ukatumbukia shimoni.

Uwanja mzima ukaguna.

"Kona yake ileile!" akasema mmoja wa nyuma. "Bure mnadhani wanamwita Mzee Kona?"

"Meza haijapinda!" Ndyamukama akapiga ubao wa meza kwa kiganja. "Kilichopinda ni uwanja wenu!"

Hapo wakacheka, kile kicheko cha kumwambia mtu kwamba hapa hujapata wajinga. Uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa, uliomwagwa kijiji kizima cha Nyakasimbi kikitazama, upinde vipi? Na wote waliokuwa wakicheka walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa nyuma ya zahanati wakimenya ndizi. Mwanamke aliyekuwa uwanjani ni Adventina peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kazi ya vinywaji, na Adventina alikuwa amesimama kando ya ndoo yake ya kuoshea vikombe, mdomo ameufunga.

Alijua. Kila msimu yeye ndiye anayepindua kahawa pale kwa reki tangu umande unapokauka, na mvua ikija ghafla yeye ndiye anayefagia maji. Fundi aliumwaga uwanja ule ukiwa umelala kidogo upande wa migomba ili maji ya mvua yasituame chini ya kahawa. Kwa macho huoni. Lakini aliyefagia pale anajua ufagio unakokwenda wenyewe. Vibao vya mzee vilikuwa vimewekwa kunyoosha meza, na kamati kwa ujanja wake mwingi ndiyo iliyoipinda.

Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema.

Ndyamukama huyu hakuwa mgeni kwake. Ni mzaliwa wa Nyakakika, alianza kwa kufagia baa moja ya Omurushaka enzi hizo meza ya pool ilipokuwa kitu cha kuja kushangaa. Wateja wakiondoka anabaki na mipira. Miaka michache tu, wale aliokuwa akiwafagilia wakawa wanamwogopa. Alicheza Kayanga, akacheza Nkwenda, akavuka hadi Mwanza kwenye mashindano akarudi na kikombe na viatu vipya. Lakini viatu vya miaka yote haviletwi na kikombe. Vililetwa na kamari. Alishinda mbuzi, alishinda redio, alishinda baiskeli ya katekista, jambo lililozungumzwa mpaka kwenye vikao vya parokia.

Na alishinda kahawa ya Adventina.

Mwaka ule Cleophace, mumewe Adventina, alikwenda Kayanga kununua dawa ya ng'ombe, akarudi bila dawa na bila kahawa. Kahawa ilikuwa bado mtini, ina rangi ya majani. Watu wa huku wanauza kahawa hivyo, ikiwa bado ua au tunda bichi, shida inapobana. Ndiyo butura, na serikali inaikataza kila mwaka. Cleophace hata hakuiuza. Aliiweka juu ya meza ya pool kama dau, akashindwa. Matunda yalipoiva, Ndyamukama alikuja na wachumaji, akachuma kibanja kizima, shamba lao lote, mpole, akisalimia kila mtu. Halafu gunia likapasuka. Akaangaza huku na huku, akauona mkeka wa Adventina wa kuanikia, aliosukiwa na mama yake mzazi kabla hajafa, akauzungusha kwenye kahawa, akaufunga kamba, akaupakia kwenye gari.

"Nitaurudisha, mama," alisema.

Hadi leo.

Sasa mtu huyohuyo amezeeka, amenunua meza kuukuu ya baa iliyofungwa, anaipakia kwenye pikapu na kuzunguka nayo Karagwe na Kyerwa akicheza kwa ajili ya wenye shida. Watu wa Kamuli walimsifu sana. Wanasema walipata magodoro ya wodi. Utaratibu wake ni mmoja: anayetaka kupambana naye analeta debe la kahawa kavu. Akishindwa debe linabaki, linauzwa chama cha msingi, kinanunuliwa kinachohitajika. Akishinda anaondoka na debe lake, na kupewa jogoo wa mzee juu yake.

Adventina alipoambiwa aliuliza swali moja tu. "Anapata nini?"

"Hapati kitu," Gideon alimjibu siku ile. "Anasaidia."

"Mwenyekiti, yule mtu alichuma kahawa yangu mpaka zile za kijani. Nitafutie anachopata, halafu tuzungumze."

Wengine walisema anautaka udiwani. Wengine walisema chaki anayopaka fimbo yake ina dawa. Ndipo kamati nayo ikaingiwa na wasiwasi, ikaanza kung'oa vibao. Kwa hiyo ukifuatilia vizuri, sumu ile ya mashaka ilitoka kwa Adventina mwenyewe.

Asubuhi mzee alipofika, yeye ndiye aliyempelekea rubisi, pombe ya ndizi. Mila ya huku iko wazi: anayekukaribisha anaonja kwanza, anywe ujue ndani hakuna kitu kibaya, kisha anakupa. Adventina alikiweka kikombe mbele yake bila kuonja na bila shikamoo. Mzee alikitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe, akakiacha palepale. Nzi wakakinywa.

Na sasa uwanjani mambo yalikuwa yanaharibika kweli.

"Mimi nachukua debe langu," alisema bwana mmoja wa kofia, akalibeba begani.

"Na mimi. Kahawa yangu haiendi kwa meza ya mazingaombwe."

"Chukueni tu," akasema Ndyamukama. Sauti ilikuwa imemshuka. Alianza kupangusa fimbo yake kwa kitambaa, tayari kuifunga. "Nimecheza na walevi, nimecheza na majambazi. Sijawahi kuvuliwa nguo hivi."

Madebe yakaanza kuondoka, moja, jingine. Adventina akayatazama, na moyoni, kusema kweli, alikuwa anakula sikukuu. Haya, Mzee Kona. Onja na wewe.

Kisha macho yakaangukia kwenye benchi la zahanati. Benitha binti yake alikuwa amekaa pale, tumbo limefika magotini, miguu imevimba. Pembeni yake alikuwa na dumu la njano. Zahanati haina maji. Anayekwenda kujifungua anakwenda na maji yake, na Benitha, mkaidi kama mama yake, alikuwa ameshaanza kuyasogeza mapema, dumu kwa dumu, kutoka kisimani bondeni. Mwenzake mmoja msimu uliopita alijifungua dumu likiwa limekwisha, na nesi akawa ananawa mikono kwa chai ya rangi iliyopoa. Hiyo siyo hadithi, Adventina ndiye aliyeileta chai.

Debe jingine likapita mbele yake.

"Mfyuu!" alisema Adventina, hajulikani anamwambia nani. Akainua ndoo ya kuoshea vikombe, akaimwaga yote katikati ya uwanja, pwaa, karibu na viatu vya Gideon.

"Mama Benitha! Una nini wewe?"

"Tazameni maji."

Maji hayakuhitaji kuhimizwa. Yalijikusanya, yakachagua njia, yakaenda yote upande wa migomba, chini ya meza, yakapita chini ya kona ileile na kudondoka nje ya saruji.

"Mnaanikiwa kahawa hapa miaka yote, mmewahi kushika reki?" Adventina akawageukia. "Uwanja umelazwa ili mvua itoke. Waulizeni wake zenu kule kwenye ndizi. Mzee aliweka vibao kunyoosha, nyinyi mkaving'oa ili mnyooshe. Mwenyekiti, virudishe. Na wewe mwenye kofia, lete debe, linakuchosha bega bure."

Gideon alipiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, akarudisha vibao kimoja kimoja, huku Ndyamukama akimwelekeza, "Ongeza. Punguza. Hapo, waitu, hapo." Mpira mweupe ukawekwa tena katikati. Ukakaa. Walisubiri weee, mpira umekaa kama jiwe la mpaka.

Ndipo wakachezewa mchezo. Mzee alipanga punje za kahawa mistari miwili juu ya meza, akapitisha mpira katikati yake bila kugusa hata moja. Alicheza kwa mkono wa kushoto, alicheza kwa mpini wa jembe. Bwana wa kofia alimalizwa upesi, akashikana naye mkono, debe likabaki. Madebe yakarudi, na mengine mapya yakatoka majumbani. Wanawake waliacha ndizi wakaja kutazama.

Mwisho akatokea Cleophace, debe mkononi, hamwangalii mkewe.

"Wewe!" Adventina alisema.

"Hili limekwisha kuvunwa," Cleophace akajibu taratibu. "Na linakwenda kwenye tanki. Niache mama Benitha, nicheze."

Walicheza muda mrefu. Cleophace hakuwa mchezaji, lakini siku hiyo alikuwa mwangalifu kama anayevuka daraja la mti mmoja. Ndyamukama alimaliza mipira yake, ukabaki mweusi, karibu na kona yake ileile, mpira ambao hata mtoto angeutia. Akainama. Akavuta pumzi. Akaukosa. Cleophace akaja nyuma yake, akatia wake wa mwisho, akatia na mweusi, na Nyakasimbi ikalipuka kama Pasaka. Alikabidhiwa jogoo. Debe akaliacha palepale, akasema liende kwenye tanki.

Kila mtu alicheka isipokuwa mmoja. Adventina alisubiri mzee afunge fimbo kwenye mfuko wake, akamwendea.

"Umemwachia makusudi."

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Mpira ule ungetiwa na Benitha na tumbo lake. Unamnunua mume wangu kwa jogoo ili tusahau. Unataka nini, mzee? Udiwani?"

Ndyamukama alimtazama, kisha akanyoosha mkono wa kulia mbele yake. Ulikuwa unatetemeka. Haukuwa unatetemeka sana. Ni kama jani la mgomba wakati upepo haujaamua.

"Umeanza mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Nikinyanyua fimbo mara ya kwanza unatulia. Jua likigeuka, unaanza. Vijana wa Omurushaka walinigundua mapema, wakanimaliza, wakawa wananicheka na fimbo yangu mkononi. Nikicheza kamari nikakosa, nazomewa. Nikicheza kwa ajili ya magodoro nikakosa, wananipigia makofi na kunipa chakula. Sijui kitu kingine duniani zaidi ya hiki, mama. Nitakaa nyumbani nifanye nini? Nipike?"

Adventina aliutazama ule mkono. Miezi yote alikuwa akitafuta anachopata mtu huyu, na sasa kimewekwa mbele yake kama sahani. Kama mzee angemwambia habari za toba na kuguswa moyo, yeye angemfukuza. Lakini hii aliiamini. Ilikuwa na ubinafsi wa kutosha.

"Haya," alisema. "Na mkeka wangu?"

"Mkeka gani?"

"Uliofungia kahawa yangu."

Mzee akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Mama Benitha, nilichuma kibanja kizima, huniulizi kahawa unaniuliza mkeka?"

"Kahawa mume wangu aliiweka mezani, mwenyewe, na akili zake kama alikuwa nazo. Ukamshinda. Mkeka nani aliuweka mezani?"

Mtu aliyecheza kamari maisha yake yote anajua kilichowekwa mezani na kisichowekwa. Ndyamukama akapanda kwenye pikapu yake.

Tanki lilifungwa kabla mvua za vuli hazijachanganya, jeusi, kubwa, likikinga maji kutoka kwenye bati la zahanati. Benitha alijifungua mtoto wa kike aliyelia kabla hajatoka vizuri, na nesi alinawa kwa maji.

Siku chache baadaye, pikapu ikasimama kwenye njia ya kibanja cha Adventina. Haikuwa na meza. Ndyamukama alishuka na mkeka begani, mpya, wa kununuliwa mnadani.

"Ule wa mama yako uliozea kwangu," alisema akiwa bado amesimama uani. "Sikuutunza. Nimeleta huu."

Adventina aliutandaza juani, akauzunguka. Akavuta ukingo, akaingiza kidole kati ya misuko.

"Umesukwa na mtu mwenye haraka," alisema. "Hapa punje zitapita. Na hapa. Mama yangu angeufumua wote."

"Nirudi nao?"

"Nani amekwambia urudi nao? Kaa chini. Shikamoo."

"Marahaba, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha rubisi na kikombe. Akamimina. Akaonja kwanza yeye, funda moja lililosikika hadi kwa Cleophace zizini, akapangusa ukingo kwa kiganja, akakinyoosha kikombe. Ndyamukama akakipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ya heshima, na kwa sababu mmoja ungemwaga.